Kama Mungu ameshachagua, namwombea baba ya nini? Na kama baba ndiye anayechagua, namwomba Mungu ya nini?

BintiMakambako aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wenu, na naomba msinijibu kwa mstari mmoja wa Biblia kisha mkaondoka, maana mistari ya pande zote mbili ninayo kwenye daftari.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, naimba kwaya ya usharika na nafundisha shule ya Jumapili. Baba yangu aliendesha malori ya mbao kutoka Mafinga kwenda Dar karibu maisha yake yote ya kazi. Alibatizwa utotoni, kipaimara alipata, ndoa yake na marehemu mama ilifungwa kanisani. Baadaye akaacha kwenda. Hakugombana na mtu tunayemjua, hakuhamia dhehebu lingine. Aliacha tu. Sasa ana sukari, mguu mmoja umekatwa chini ya goti, na anaishi kwangu. Jioni tukishakula namsomea Neno. Anasikiliza kwa adabu, na nikifunga Biblia ananiambia, "Mwanangu, Mungu akinitaka anajua ninapokaa." Hasemi kwa hasira wala kwa dharau. Angekasirika ningejua pa kuanzia.

Mdogo wangu yuko chuo Dodoma. Huko amejiunga na vijana wanaosoma mafundisho ya Calvin, yule mwanamatengenezo aliyefundisha kwamba Mungu mwenyewe huchagua watakaookoka, na kwa kweli namshukuru Mungu, kwa sababu ameacha mengi ya ovyo na Biblia anaisoma kuliko mimi. Lakini nilipompigia simu huku nalia kuhusu baba, alinijibu: "Dada, baba kama ni mteule atakuja hata usiposema neno. Kama si mteule, maombi yako hayaongezi jina kwenye kitabu cha uzima." Akanisomea Waefeso 1:4, kwamba tulichaguliwa katika Kristo kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu. Akanipeleka Warumi 9, kwa Yakobo na Esau, waliotengwa kabla hawajazaliwa wala kutenda jema au baya.

Nikaenda kwa jirani yangu, mama mmoja Mpentekoste, mwombaji hasa. Akasema mdogo wangu amepotoshwa. "Mungu hutaka watu wote waokolewe, 1 Timotheo 2:4. Yeye kazi yake aliimaliza msalabani. Iliyobaki ni ya mzee mwenyewe, aseme ndiyo au hapana. Mungu hamlazimishi mtu." Nilirudi nyumbani nimepona kabisa. Kisha usiku nikapiga magoti, nikafungua mdomo niseme, "Bwana, ubadilishe moyo wa baba," maneno yakakatika. Kama Mungu hagusi hiari ya mtu, ninamwomba afanye nini? Si ameshafanya sehemu yake? Ningepaswa kwenda kumpigia magoti baba.

Kwa hiyo mdogo wangu akiwa sahihi, maombi yangu hayabadilishi kitu. Jirani akiwa sahihi, ninamwomba Mungu jambo ambalo amejizuia mwenyewe kulifanya. Wote wawili wananipenda, na wote wawili wameninyang'anya maombi. Sitaki kumshinda mtu hapa. Nataka kujua nikipiga magoti usiku nasema nini.

Katekista_Songea alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Dada, pole sana kwa kuuguza.

Nianze na jambo moja dogo, kwa sababu mdogo wako anaongea kana kwamba suala hili lilifungwa zamani. Kwetu Wakatoliki, Luis de Molina, Mjesuiti wa Hispania, alichapisha kitabu mwaka 1588 akieleza kwamba Mungu anajua kila mtu angechagua nini katika kila hali ambayo angewekwa, na anapanga wokovu akijua hivyo. Wadominiko, shirika jingine la watawa, wakiongozwa na Domingo Báñez, wakaona hapo Mungu amefanywa amsubiri mwanadamu. Shauri likafika Roma, likasikilizwa tangu 1597 hadi 1607, na Papa Paulo V akalifunga bila kutoa hukumu: kila upande ufundishe unavyofundisha, na wasiitane wazushi. Lililo wazi kwetu ni kwamba Mungu hampangii mtu yeyote tangu awali kwenda motoni. Liko katika Katekisimu, namba 1037.

Lakini wewe hukuuliza habari za Roma, uliuliza unasali vipi. Mfikirie Mtakatifu Monika. Alimlilia mwanawe Augustino kwa miaka. Augustino alipotaka kuhama Carthage aende Roma, Monika alimsihi Mungu amzuie asisafiri. Kijana akamdanganya mama, akapanda meli usiku. Mama alibaki pwani akilia, akiamini hakusikilizwa. Ni safari hiyo iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosi, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa. Baadaye Augustino mwenyewe aliandika kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba siku ile ili ampe alichokuwa akiomba siku zote. Jumamosi hii rozari yangu ni ya mzee wako.

Mwalimu_Thogoto alijibu:

Dada, nakuandikia kutoka Kiambu. Mimi niko upande wa ndugu yako. Nimelelewa PCEA, kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lenye mizizi kwa Calvin, na ninaamini uteule kwa moyo wangu wote. Kwa hivyo niruhusu nikwambie kwamba ndugu yako amekupa nusu ya fundisho, na nusu hiyo ikiwa peke yake inaua.

Mwambie afungue Warumi 9 aliyokusomea, na safari hii asiishie kwa Yakobo na Esau. Aendelee mpaka mstari wa kwanza wa sura ya 10: "Ndugu zangu, nitakayo sana moyoni mwangu, na dua yangu nimwombayo Mungu, ni kwa ajili yao, ili waokolewe." Ni Paulo yule yule, barua ile ile. Mtu aliyeandika kwamba si katika uwezo wa yule atakaye wala wa yule apigaye mbio, ndiye anayewaombea ndugu zake wa damu waokolewe, na mwanzoni mwa sura ya 9 anasema angekuwa radhi yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili yao. Uteule haukumkausha machozi Paulo. Ukimkausha mtu leo, kuna kitu ameusoma vibaya.

Aliyechagua mwisho alichagua na njia. Ona Matendo 18. Bwana anamwambia Paulo usiku kwamba katika mji wa Korintho ana watu wengi. Wateule hao, na wengi wao bado hawajaamini! Je, Paulo alifunga mizigo akasema watakuja wenyewe? Alikaa mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Kwa sababu Mungu alikuwa na watu mle, kuna mtu alipaswa kubaki na kufungua kinywa. Baba yako anasema Mungu akimtaka anajua anapokaa. Mjibu kwa upole: "Anajua, baba. Ndiyo maana kanileta nikusomee kila jioni."

Sasa hilo fundo lako. Augustino huyo aliyetajwa na katekista, alipokuwa mzee na askofu wa Hippo, alimwandikia barua mtu wa Carthage aliyeitwa Vitalis. Vitalis alikuwa akifundisha kwamba mwanzo wa imani ni wetu wenyewe, Mungu hauweki ndani ya mtu. Augustino akamjibu kwa kumwonyesha sala za kanisa. Unamsikia kuhani madhabahuni akiwaomba watu wamwombe Mungu awageuze wasioamini. Ukifikiri Mungu hageuzi mioyo, basi mwambie akome, maana anaomba kitu ambacho Mungu hakitoi. Dada, hicho ndicho kilichokukuta usiku ule. Maneno yalikukatika kwa sababu ulichofundishwa mchana hakikukuruhusu kuomba ulichohitaji. Nakusihi uyaamini maombi yako kuliko maelezo uliyopewa.

Na kama unaogopa kwamba Mungu akigeuza moyo wa baba atakuwa amemvunja, kuna watu walioliona swali hilo mapema. Sinodi ya Dordrecht (au Dort), mkutano wa kanisa uliofanyika Uholanzi, ilikaa tangu Novemba 1618 hadi Mei 1619 kuwajibu wafuasi wa Jacobus Arminius, mwanatheolojia aliyesema mtu anaweza kuipinga neema, ambao walikuwa wametoa hoja zao tano mwaka 1610. Watu wakisikia Dort wanafikiria Mungu anayeburuta watu. Lakini katika sehemu ya tatu na ya nne, kifungu cha 16, sinodi inasema neema haiwatendei watu kama magogo na mawe, wala haiondoi hiari yao, bali inaihuisha na kuiponya. Lidia pale Filipi, Matendo 16:14, Bwana aliufungua moyo wake, na aliyesikiliza maneno ya Paulo alikuwa Lidia mwenyewe.

Ndugu yako umwonyeshe pia Ukiri wa Westminster wa 1646, ukiri wa imani wa Wapresbiteri, sura ya 3, kifungu cha 8: siri hii kuu ishughulikiwe kwa busara na uangalifu wa pekee. Hiyo ni amri kutoka kwa watu wake mwenyewe. Orodha ya wateule hakuna mtu aliyeisoma, yeye wala mimi. Hana haki ya kumwambia dada yake anayelia "kama si mteule" kana kwamba ameshika karatasi mkononi.

Nkubu_Methodist alijibu:

Mwalimu, umeandika vizuri na sehemu kubwa naipokea. Lakini kuna mahali umeruka, na dada atapafikia usiku wa manane wakati wewe na mimi tumelala.

Kwanza nimtetee kidogo yule jirani, halafu nimrekebishe. Arminius hakufundisha kwamba mtu aliyeanguka anaweza kumjia Mungu kwa nguvu zake. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, naye hakufundisha hivyo. Wote wawili walisema mtu amekufa katika dhambi na neema lazima imtangulie. Sisi Wamethodisti tunaiita neema itanguliayo: kabla mtu hajamtafuta Mungu, Mungu ameshafika, ameshamwamsha dhamiri, ameshamfanya aweze kuitika. Tunachokataa ni kwamba neema hiyo haiwezi kupingwa. Stefano aliwaambia wale wazee, Matendo 7:51, siku zote mnampinga Roho Mtakatifu. Huwezi kumpinga mtu ambaye hajaja kwako. Na Bwana mwenyewe aliulilia Yerusalemu, ni mara ngapi nimetaka kuwakusanya watoto wako, "lakini hamkutaka!" Mwalimu, haya ni machozi ya kweli au siyo?

Kwa hiyo dada, jirani yako amesema sawa kwamba Mungu hamlazimishi mtu. Amekosea aliposema Mungu amemaliza na sasa amekaa anangoja. Mungu hajakaa. Ukiomba, unamwomba azidi kumfuata baba yako: amletee usiku wa kukosa usingizi, wimbo wa zamani utakaomrudia kichwani, rafiki wa barabarani aliyeokoka aje kumsalimia. Mambo yote haya Mungu anaweza kuyafanya bila kumvunja mzee. Hayo ni maombi halali kabisa, na hayakutaki uwe Mkalvini.

Sasa swali langu kwa Mwalimu. Unasema neema inayofungua moyo, kama wa Lidia, haishindwi. Na unasema Mungu huwapa aliowachagua peke yao. Basi kama ana uwezo wa kuufungua moyo wowote bila kumwonea mtu, na 1 Timotheo 2:4 inasema anataka wote waokolewe, wengine anawapita kwa nini? Mwambie dada hivyo hivyo ulivyomwambia habari za njia na mwisho, kisha mwache aende kulala akiwaza kwamba pengine baba yake alipitwa kabla ulimwengu haujawekwa. Wesley alihubiri juu ya hili Bristol mwaka 1739, kwa maneno makali mno, na urafiki wake na George Whitefield, mhubiri mwenzake aliyeshika uteule, ukapasuka. Namshukuru Mungu walipatana baadaye. Whitefield alipofariki Marekani mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri ibada ya kumkumbuka pale London.

Na kwa kuwa umetaja Dordrecht: Mei ile ile ya 1619, Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi mkubwa aliyewakingia kifua watu wa Arminius, alikatwa kichwa pale The Hague, mzee wa zaidi ya miaka 70. Siasa ilikuwa nyingi ndani yake, najua. Wahubiri wengi walifukuzwa makanisani mwao. Silitaji kukupiga nalo. Nalitaja ili vijana kama yule wa Dodoma wajue kwamba fundisho hili likishikwa na mikono yenye haraka linaumiza watu kweli.

BintiMakambako:

Asanteni sana, sikutegemea. Warumi 10:1 nimemtumia mdogo wangu bila kuongeza neno langu hata moja. Amesoma, amenipigia, ameomba radhi, na amesema wikiendi anakuja kumwona baba.

Lile neno la Mwalimu nililisema juzi jioni: "Anajua, baba, ndiyo maana kanileta." Baba alinyamaza kitambo, akaomba chai.

Lakini ndugu wa Nkubu amelitaja lenyewe. Hilo ndilo linaniamsha saa tisa usiku. Je, kama alipitwa? Na sasa naogopa hata kuomba, nisije nikawa napigana na uamuzi wa Mungu.

Mwinjilisti_Mstaafu alijibu:

Binti yangu, nimesoma yote kuanzia juu. Nilikuwa mwinjilisti wa mtaa huku Machame hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kukaa kwenye vigoda kando ya vitanda vya wagonjwa. Wewe ni Mlutheri na baba yako ni Mlutheri, basi ngoja nikukumbushe mnachokijua wote wawili.

Katekisimo Ndogo ya Luther, sehemu ya tatu ya Imani. Maelezo yake ulikariri ukiwa unajiandaa kwa kipaimara, na baba yako alikariri. Naamini kwamba siwezi kwa akili yangu wala kwa nguvu zangu kumwamini Yesu Kristo Bwana wangu au kumjia, bali Roho Mtakatifu ameniita kwa Injili. Luther aliandika hayo mwaka 1529, miaka minne baada ya kubishana na Erasmus, msomi aliyeitetea hiari, kwa kitabu kizima juu ya hiari ya mtu. Mabishano yale hakuwapelekea watoto. Watoto aliwapa sentensi moja ya kuungama: siwezi, lakini nimeitwa. Mpaka hapo Mwalimu wa Thogoto na mimi tunakwenda pamoja.

Tunaachana hapa. Mwaka 1577 Walutheri waliandika Fomula ya Mapatano, na kifungu cha 11 ni cha uteule. Kinasema Mungu anajua yote kabla, mema na mabaya. Lakini kuchagua kwake ni kwa wokovu tu. Hakuna uamuzi mwingine wa siri, sambamba na ule, wa kuwapitia mbali watu fulani. Anayeokoka ameokolewa na Mungu peke yake. Anayepotea amepotea kwa kukataa kwake mwenyewe. Wakalvini watakwambia hizi mbili hazipatani, na Wamethodisti watakwambia hivyo hivyo kutoka upande wao. Kwa hesabu ya kichwa wana haki. Sisi tumeziacha zikae zote mbili kwa sababu Bwana Yesu mwenyewe aliziacha hivyo. Fungua Mathayo 25. Kwa wale wa kuume anasema, "urithini ufalme mliowekewa tayari tangu kuumbwa ulimwengu." Kwa wale wa kushoto hasemi moto mliowekewa tayari ninyi. Anasema moto aliowekewa tayari Ibilisi na malaika zake. Isome polepole. Ufalme uliandaliwa kwa ajili ya watu. Moto haukuandaliwa kwa ajili ya mtu yeyote. Baba yako hana chumba alichotengewa huko.

Kwa hiyo unaposema unaogopa kupigana na uamuzi wa Mungu: uamuzi upi? Ule aliotuambia, katika Ezekieli 33:11, ni kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu, bali aiache njia yake mbaya, akaishi. Ukiomba baba yako aishi, unaomba pamoja na Mungu, hupigani naye. Uamuzi mwingine unaouogopa umeutunga kutokana na hofu yako, na hakuna ukurasa utakaokuonyesha.

Tena kuna mahali ambapo Mungu amelitamka jina la baba yako. Huna haja ya kuchungulia kitabu cha uzima. Siku ya ubatizo wake mchungaji alimwita kwa jina lake, akasema, "Nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu." Ile haikuwa sherehe ya bibi na babu. Mungu aliweka ahadi juu ya mtu mmoja mwenye jina. Shika hapo unapoomba.

Lakini usiufanye ubatizo hirizi. Sisi tunafundisha kwamba aliyebatizwa anaweza kuiacha imani na kupotea. Hapo Mwalimu hatakubaliana nami, na ninalisema kwa sababu nimewasikia watu wengi wakijituliza, "si alishabatizwa." Ahadi haijavunjika upande wa Mungu. Kuiacha kumo mikononi mwetu, na watu huiacha. Ndiyo maana tunaomba na kusoma Neno wala hatulali.

Uliuliza unasema nini. Sema hivi, au kwa maneno yako: "Bwana, baba hawezi kuja kwako kwa nguvu zake, wala mimi siwezi kumleta. Wewe waweza. Ulimwita kwa jina lake akiwa mtoto. Mwite tena, na umpe masikio." Yote yamo mle. Humwambii Mungu abadilishe orodha. Humwachii baba kazi asiyoiweza. Kesho jioni fungua tena Biblia, kwa sababu Roho Mtakatifu huita kwa Injili, na Injili lazima isikiwe na masikio ya mtu.

Nimewahi kukaa na mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa miezi mingi, akasema amechelewa, watu kama yeye walishaachwa. Sikubishana naye. Nilimsomea Yohana 6:37, wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia nimpe kitabu aone mwenyewe kwamba imeandikwa. Alipokea Chakula cha Bwana kabla hajafa. Mwingine alinikataa mpaka mwisho, kwa upole kama wa baba yako. Nilimwombea mpaka siku niliyosimama kaburini kwake, na pale kaburini sikusema kwamba hakuchaguliwa. Hakuna aliyenipa kazi hiyo, na yeyote atakayejipa kazi hiyo mbele yako, mkatalie.

Jambo la mwisho, ni la mwinjilisti zaidi kuliko la msomi. "Mungu akinitaka anajua ninapokaa" si lazima iwe theolojia. Wengi niliowakuta wakisema maneno ya namna hiyo hawakuwa na ugomvi na Mungu. Walikuwa wanaona haya. Bahasha za ahadi za mwaka mzima hazijarudi, jina limesomwa, viatu vimechakaa, na miezi ikawa miaka. Dereva anayelala njiani Jumapili nyingi anajua kwamba akirudi kila mtu atageuka kumtazama. Muulize baba yako kwa heshima ni nini kilichomzuia mara ya kwanza. Usimuulize kama anaamini. Muulize ilianzaje.

Mwalimu_Thogoto:

Mzee, shikamoo. Kwa heshima zote, Yohana 10:28 inasema kondoo wake hakuna atakayewapokonya katika mkono wake, na 1 Yohana 2:19 inasema waliotoka hawakuwa wa kwetu tangu mwanzo. Na kuhusu kupitwa, nikwambie ukweli, ndugu wa Nkubu amenipata pagumu. Ninajibu kama Paulo, Warumi 9:20, kwamba mimi ni nani nimjibu Mungu, na ninaamini hilo ni jibu. Lakini si jibu ninaloweza kumpa dada saa tisa usiku. Mathayo 25 uliyoitaja nitaihubiri Jumapili hii kwa vijana wangu.

BintiMakambako:

Shikamoo baba mwinjilisti. Nimesoma huku nalia, lakini si kama nilivyokuwa nalia wiki iliyopita.

Nilimuuliza. Ni kweli, haikuwa habari ya Mungu. Ni ahadi ya ujenzi aliyoitoa mbele za watu kabla lori halijapinduka, akashindwa kuilipa, na kuna mtu alimsema vibaya nje ya kanisa. Mama hakuwahi kutuambia. Yeye mwenyewe amelieleza kwa sentensi mbili, kisha akasema tuache.

Swali langu ni la vitendo. Mtu aliyekaa nje miaka yote hii anarudije kundini wakati hawezi hata kufika kanisani? Na deni lile, linahusika?

Mwinjilisti_Mstaafu:

Marahaba, mwanangu, na marahaba Mwalimu. Waebrania 6, inayowaonya walioanguka, na Yohana 10 yako zote ziko mezani, tutaendelea siku nyingine.

Deni halihusiki. Kurudi kundini ni toba na imani, na ahadi ya ujenzi haimzuii mtu kwenye Meza ya Bwana. Atakayekwambia vinginevyo, mpeleke kwa mchungaji.

Usianze ofisini. Anza na mzee wa kanisa wa jumuiya yenu, mwambie peke yake, asilitangaze. Yeye atamleta mchungaji nyumbani. Kwa mgonjwa mchungaji humsikiliza toba yake pale pale kitandani na kumpa Chakula cha Bwana akiwa tayari. Si lazima asimame mbele ya usharika na mguu mmoja. Lakini kwanza mwombe baba ruhusa ya kumleta mgeni huyo. Akisema bado, mwache iwe bado, na jioni msomee kama kawaida. Anza na Luka 15, sura nzima, siyo mwana mpotevu peke yake. Na mdogo wako akifika wikiendi, mpe yeye asome.